Chuma Changu na Tairi Kiburi

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa tatu

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika wake wawili, kaka zangu wanne wote, kompresa tatu, na daktari aliyeapa kwamba nisipoacha sigara sitafika hamsini. Sigara niliacha siku niliyotaka mimi, baada ya maziko yake.

Daftari hili kaninunulia binti yangu, mwanangu wa mwisho, daktari wa meno. "Baba," kasema, "andika unachofanya kila siku, maana wateja wakirudi mnabishana nani alisema nini." Shule niliishia darasa la tatu. Si kwamba kichwa kilikuwa kizito, mwalimu ndiye hakuniweza. Mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu, lakini nikiamua jambo nimeamua. Atakayesoma ajue tangu mwanzo: hakuna fundi wa matairi mji huu anayenifikia hata kiunoni.

Mvua bado. Mawingu yamekaa juu ya mlima kama watu wanaosubiri kuitwa.

Jumatano, 4

Binti kaleta gari lake jipya, yaani jipya kwake. Jekundu, milango miwili, la mbio, na liko chini mno. Kuliingia sharti uiname kama anayeomba radhi. Kashuka anacheka peke yake.

"Baba, umeliona?"

"Hilo? Kidogo nilivae, nilidhani kiatu."

Kacheka hadi kashika mlango. Ana miaka thelathini na tisa, na gari la namna hii alilililia tangu yuko shule. Nilifurahi, ila sikuonyesha. Nikalizunguka. Matairi ya nyuma yamekwisha, na yote manne ni ya aina nisiyoipenda.

Alhamisi, 5

Leo tumebishana watu watatu: mimi, Binti, na mpwa wangu mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Huyu mpwa namwita Geji, maana hatembei bila kipimo cha upepo mfukoni, hata msibani anacho. Kazi nilimfundisha mimi. Sasa ana mashine ya kufungia matairi, na anatembea kama aliizaa yeye.

Suala lenyewe ni hili. Matairi aliyokuja nayo Binti yana kuta nene, ngumu. Likitoboka, upepo ukaisha wote, ukuta peke yake unabeba gari, unakwenda nalo taratibu kama kilometa themanini mpaka ufike kwa fundi. Kwa hiyo gari halina tairi la spea wala pa kuliweka. Buti lenyewe kama droo ya meza. Mimi nayaita matairi kiburi. Aina ya pili ni haya ya kawaida niliyoyaziba maisha yangu yote. Ni laini, yanashika barabara, yanazibika. Likiisha upepo linalala chini na dunia nzima inaona.

"Tairi la kawaida lina adabu," nikasema. "Likiumwa linasema. Hilo lako linaumwa kimya, siku likisema umekwisha."

"Ndiyo maana gari lina taa, Mjomba," Geji akasema. "Upepo ukipungua taa inawaka kwenye dashibodi. Anayetumia haya sharti aiheshimu taa na apime kwa geji. Kwa macho huwezi kuona kitu."

"Kwa macho ya nani?"

Binti akaweka mkono begani kwangu. "Baba, hili tairi ni wewe kabisa. Pumzi limeishiwa na bado limesimama linabishana."

Tumecheka wote. Mimi kidogo.

Jumamosi, 7

Binti kaamua. Anabaki na matairi kiburi, anaagiza mawili mapya ya nyuma ya aina hiyo hiyo.

Nilimkalisha kwenye benchi nimweleze tena. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, kila Jumanne na Ijumaa navuka mlima kwenda kliniki ya upande wa pili. Kilometa arobaini na tano kwenda, arobaini na tano kurudi. Kule juu hakuna pa kusimama. Kulia jiwe, kushoto hakuna kitu. Ukungu, mvua, malori nyuma yangu, na niko peke yangu. Tairi likilala kwenye kona nashuka nifanye nini? Nisimame nisubiri lori linione?"

Kukosa jibu mbele ya mtoto ni kitu kibaya, kinawasha mwilini. Nikasema, "Haya. Lakini kila Jumamosi uyalete niyagonge."

Atakayesoma pengine hajui kugonga ni nini. Nina kipande cha chuma urefu wa mkono. Nagonga tairi, nasikiliza. Lililojaa linajibu juu, ti. Lililopungua linajibu chini, du. Miaka hamsini na tano sijagusa geji.

"Hata mimi nagonga meno," Binti akasema. "Ila nikishagonga napiga na picha."

"Kwa sababu hujagonga vya kutosha."

Jumatatu, 9

Geji kafunga matairi mawili mapya kwa mashine yake. Nilikwenda kuangalia asikosee. Hakukosea. Nikamwambia boliti ya tatu kaikaza vibaya, akaikaza tena.

Ijumaa, 13

Mvua imeanza saa nne asubuhi. Binti kavuka, karudi salama. Anasema gari limebana barabara kama kupe.

Jumamosi, 14

Mvua. Nimegonga matairi yake yote manne. Ti, ti, ti, ti. Nikamwambia hata hayo kiburi yananipigia saluti.

Kusema kweli yote yalijibu sauti moja, kavu, ya juu, kama kugonga kisigino cha kiatu. Hata yale ya mbele yaliyozeeka.

Jumatano, 18

Mvua, siku ya sita. Dereva wa lori la mchanga, mteja wangu wa miaka mingi, kakaa kwenye benchi akisubiri pancha. Anasema kwenye kona ya tatu, ukishuka upande wa pili, ukuta wa mawe wa ukingoni umebomoka na kutumbukia wote. Wameweka mapipa matupu, wameyapaka rangi nyeupe.

"Mapipa yanazuia nini?" nikamwuliza.

"Yanazuia watu kusema hakuna kitu kilichowekwa."

Alicheka peke yake.

Jumamosi, 21

Binti kaja mapema. Taa imewaka. Ni kataa kadogo ka rangi ya chungwa, kana picha ya tairi na alama ya mshangao katikati, kama mtu aliyefumaniwa.

Nikagonga. Yote yamejaa. Ila nikayaongeza upepo kidogo kila moja ili kumridhisha. Taa ikazimika. "Umeona?" nikamwambia. "Ni baridi tu. Baridi inanyonya upepo." Hilo ni kweli, kila fundi analijua. Akanibusu kipajini akaenda zake.

Jumapili, 22

Mvua. Mgongo.

Jumanne, 24

Mvua. Binti kavuka.

Jumamosi, 28

Taa imerudi.

Leo umeme hakuna tangu alfajiri, kompresa imelala. Benchi limejaa watu: dereva wa lori, mwenye duka la saa, na wengine wawili waliokimbia mvua. Binti akashusha kioo. "Baba, imewaka tangu jana nikiwa kule juu. Sasa haizimi."

Nikachukua chuma. Watu wote wakanyamaza, maana nikigonga wamezoea kunyamaza. La mbele kulia, ti. La mbele kushoto, ti. La nyuma kushoto, ti. La nyuma kulia, ti.

"Limejaa," nikasema. "Yote yamejaa. Kinachoumwa ni taa. Maji yameingia kwenye waya."

Geji alikuwa kashavuka barabara na mvua yake kichwani, geji mkononi. Kaja moja kwa moja mpaka tairi la nyuma kulia, kachuchumaa. Nikaweka mguu wangu mbele ya kifuniko cha upepo.

"Mjomba, sekunde tano tu."

"Ukiweka hicho kidude kwenye tairi nililoligonga mimi, mbele ya watu hawa, hapa kwangu usikanyage tena."

"Mjomba, ukuta wa tairi hili ni mgumu hivyo hivyo likiwa tupu. Linakujibu ukuta, si upepo."

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa. Nikahisi masikio yanawaka. Nikamwuliza nani alimfundisha jina la kila chombo kilichomo karakanani kwake. Alikuwa bado kachuchumaa, maji yanamtiririka shingoni.

Binti alinitazama mimi, akamtazama yeye. Kisha akasema kwa upole, "Acha, kaka. Baba kashasema." Akaliwasha gari akaondoka.

Dereva wa lori akasema, "Mzee una sikio." Wengine wakaitikia. Nilijisikia vizuri mpaka saa saba hivi.

Jumanne, 31

Mvua. Kavuka, karudi. Nilimpigia simu jioni kumwuliza kama kafika. Sijawahi kumpigia kumwuliza kama kafika. "Baba, vipi, unaumwa?" Nikasema nilibonyeza bahati mbaya.

Alhamisi, tarehe 2 mwezi wa nne

Kapita akitoka kazini. Taa inamkera, anasema inamtazama njia nzima. Nikakata kiraka kidogo cha mpira, nikapaka gundi, nikakibandika juu ya taa. Kimekaa vizuri, huwezi kujua palikuwa na kitu.

"Pancha ya taa," akasema, akacheka.

"Hiyo haitavuja milele."

Ijumaa, 3

Mvua. Kavuka, karudi.

Jumanne, 7

Jioni Binti kapita kuniletea dawa ya mgongo. Alipokuwa ndani anatafuta glasi, mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari, nikaegemeza kiganja kwenye tairi la nyuma kulia. La moto. Moto wa sufuria iliyotoka jikoni. Nikaliwekea mkono la kushoto. Vuguvugu tu.

Na lilikuwa na harufu. Harufu ile naijua. Ni ya mpira unaojila.

Nikajiambia ni jua.

Jua sijaliona tangu tarehe kumi na tatu.

Akatoka na glasi. "Baba, kunywa." Nikanywa. Akainama akaingia kwenye gari, akanipungia mkono. Nikamwambia aendeshe polepole. Akasema mimi ndiye nimeanza kuzeeka.

Jumatano, 8

Mvua. Sikufanya kazi.

Alhamisi, 9

Nimekwenda kwa Geji wakati yuko chini ya gari la mtu. Nimechukua geji mezani, nimeitia mfukoni. Kaniona, maana miguu yangu anaijua. Aliendelea kufungua nati.

Nikaenda nyumbani kwa Binti. Hayupo, yuko kazini. Kesho ni Ijumaa. Njia yake ya mlimani inapita mbele ya karakana yangu. Nitamsimamisha asubuhi.

Jumapili, 12

Leo naandika ya Ijumaa. Mkono ulikuwa hauandiki.

Ijumaa saa moja na nusu nilikuwa ukingoni mwa barabara na koti la mvua, geji mfukoni. Saa mbili kasoro nikaliona gari linakuja, jekundu, taa zimewashwa. Mvua ilikuwa nyembamba. Nyuma yangu, kwenye benchi, dereva wa lori na mwenye duka la saa walikuwa washafika, wanakunywa chai.

Nilikuwa na muda. Nataka hili lieleweke. Hatua mbili tu niingie barabarani ninyanyue mkono wote. Angesimama, ni mwanangu. Nilitia mkono mfukoni nikaishika geji, na nikaona jinsi itakavyokuwa: mimi nimechuchumaa kwenye matope na kipimo cha mpwa wangu, mbele ya watu walioniambia nina sikio.

Binti akapiga honi mara mbili, akanyanyua mkono.

Nami nikanyanyua wangu, kama anayesalimia.

Akapita. Nililitazama tairi la nyuma kulia mpaka likaishia kwenye kona. Lilikuwa limesimama vizuri, limejaa machoni kama mengine.

Nikahesabu mpaka mia moja. Ndipo nikavuka barabara nikamwambia Geji, "Washa gari." Alikuwa kashika ufunguo. Njiani nikampigia Binti simu mara tisa. Hapokei akiwa anaendesha, nilimkataza mwenyewe alipojifunza gari.

Tukapanda. Ukungu ulikuwa umeshuka hata huoni boneti. Geji anaendesha na kichwa nje ya dirisha. Akasema mara moja tu, "Mjomba, anakwenda taratibu kwenye mvua, yeye si mjinga." Nikasema ndiyo. Tulivuka kilele. Kona ya kwanza hakuna kitu. Kona ya pili hakuna kitu, na hapo nikaanza kushukuru, na nilikosea kuanza.

Kona ya tatu mapipa mawili hayapo.

Vipande vya mpira vilikuwa vimetapakaa barabarani, vingine virefu kama mikanda. Geji kashuka kabla gari halijasimama. Nami nikamfuata, kwa makalio, kwenye mawe na majani yaliyolowa. Gari lilikuwa limeshikwa na mwamba kama mita kumi chini, pua imekunjika mpaka kwenye viti. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa juu hewani. Rimu tupu, na ukuta wa tairi unaning'inia kama kitambaa. Nikatia mkono ndani. Umetoka umejaa unga wa mpira, mweusi, laini. Unga ule hautokei kwa siku moja. Lilikuwa tupu muda mrefu, likitembea, likijisaga kutoka ndani, na mimi naligonga na kuliambia limejaa.

Alikuwa hai. Kichwa chake kilikuwa upande wangu.

"Baba," akasema, "liliyumba tu. Sikufanya kitu. Liliyumba."

"Najua mama. Usiongee."

"Mguu siusikii."

Nilimshika mkono mpaka watu wa winchi walipofika, na wale wa gari la wagonjwa. Mvua ilikuwa inaingia kwa pale palipokuwa na kioo. Geji alivua shati akamfunika.

Jumatatu, 13

Wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti. Daktari anasema nyonga itachukua miezi.

Jumatano, 15

Leo kaja askari wa usalama barabarani, mtu mpole, kakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda. Kasema pua ya gari imebonyea kabisa, dashibodi imekuwa vipande, hakuna cha kuonyesha kama taa ilikuwa inawaka. Akamwuliza Binti kama alijua tairi lina tatizo.

Binti akasema, "Taa iliwaka, nikapuuza. Nilikuwa na haraka."

"Hukumwonyesha fundi yeyote?"

"Hapana. Sikumwonyesha mtu."

Alisema bila kunitazama, sauti shwari kabisa, ile anayowatulizia wagonjwa wake.

Askari akamgeukia Geji. Geji alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Tairi nilifunga mimi," akasema. "Kama kuna kosa la fundi, basi ni mimi. Mjomba wangu hakuligusa. Yeye gari hili hata hakulitaka."

Askari akaandika. Nikasimama. Nikasema wote wawili wanasema uongo. Niligonga mimi, tarehe ishirini na moja na tarehe ishirini na nane. Taa nilibandika kiraka mimi. Moto wa tairi niliushika kwa kiganja hiki nikanyamaza. Na Ijumaa asubuhi nilikuwa na geji mfukoni.

Askari akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, una uchungu. Nenda nyumbani upumzike. Mzazi yeyote angejilaumu."

"Sijilaumu. Naeleza."

"Baba, kaa chini," Binti akasema.

"Sikai."

"Baba, tafadhali."

Miaka yote sijawahi kusikia mtu akinibembeleza niwe na haki, nami nikakataa. Muuguzi kaingia kuona kelele za nini. Nikamwambia naye. Nikarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti, mpaka askari akafunga kitabu chake na kusema atarudi siku nyingine.

Nami nitamsubiri. Kesho nampelekea daftari hili, asome mwenyewe. Mwandiko ni mbaya lakini tarehe zipo.

Akisema ni maneno ya mzee aliyechanganyikiwa, mashahidi ninao. Wa kwanza ni dereva wa lori la mchanga. Alikuwa kwenye benchi siku niliyogonga, na alikuwa kwenye benchi siku niliyonyanyua mkono. Wa pili ni muuguzi wa zamu ya mchana wodi ya mifupa, aliyenisikia nikisema kabla mtu yeyote hajanituhumu. Wa tatu ni mpwa wangu mwenye karakana ng'ambo ya barabara; huyo anasema uongo kwa heshima, mwulizeni mara mbili.

Wa nne ni binti yangu. Atawaambia sikuligusa tairi lile. Atawaambia akiwa anawatazama machoni.

Msimwamini.